Chako Si Lazima Kikuponye

Miongoni mwa tiba zinazotangazwa kwa kishindo na vituo vya kibinafsi vya ng'ambo, ipo moja inayostahili kuchunguzwa na walimu pamoja na wanafunzi wao. Inadaiwa kwamba mgonjwa akitolewa damu au mafuta ya mwilini, vikatengwa humo vifuko vidogo mno viitwavyo eksosomu, kisha akadungwa vifuko hivyo hivyo kwa sindano, basi goti lililolika litaota gegedu mpya, ngozi iliyosinyaa itarejea ujana na neva zilizochoka zitaamka. Tena mgonjwa huambiwa kwamba hapana hatari yoyote, maadamu kinachoingizwa mwilini mwake kimetoka mwilini mwake.

Ni hoja hii ya mwisho ninayokusudia kuijadili. Neno "chako" lina mvuto mkubwa kwa mtu mgonjwa. Humwondolea hofu ya kitu kigeni, humwondolea shaka juu ya mtengenezaji, na humfanya aone kwamba kuuliza maswali zaidi ni kuushuku mwili wake mwenyewe. Sisemi kwamba sayansi ya eksosomu ni uongo, kwani si uongo. Ninalosema ni kwamba neno hilo hujibu swali moja tu, ilhali mgonjwa huuziwa kana kwamba limejibu yote.

Tuanze na asili ya mambo. Mnamo 1983 makundi mawili ya watafiti, moja la Rose Johnstone wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada na jingine la Philip Stahl wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, yalikuwa yakichunguza jinsi seli changa nyekundu za damu zinavyokomaa. Yalibaini kwamba seli hizo hujivua protini zisizohitajika tena kwa kuzitia katika vifuko vidogo na kuvitoa nje. Mwaka 1987 Johnstone na wenzake wakavipa vifuko hivyo jina la eksosomu. Kwa miaka mingi wataalamu wengi waliviona kuwa taka za seli, wala hawakuvijali sana.

Dhana hiyo ilibadilika hatua kwa hatua. Mwaka 1996 Graça Raposo na wenzake walionyesha kwamba eksosomu zinazotolewa na aina fulani ya seli za kinga zaweza kuziamsha seli nyingine za kinga. Mwaka 2007 Hadi Valadi, Jan Lötvall na wenzao mjini Gothenburg, Uswidi, wakaonyesha kwamba ndani ya vifuko hivyo mna asidi ya RNA, yaani maagizo ambayo seli inayoyapokea yaweza kuyasoma na kuyatumia kutengeneza protini. Kilichodhaniwa kuwa taka kikabainika kuwa njia ya mawasiliano baina ya seli na seli. Mwaka 2010 watafiti wa Singapore, akiwamo Sai Kiang Lim, walieleza jinsi eksosomu zilizotokana na seli shina zilivyopunguza madhara ya mshtuko wa moyo katika panya. Hapana shaka, basi, kwamba watafiti wana sababu nzuri ya kuwa na matumaini.

Lakini kutoka kwa panya wa maabara hadi goti la mzee wa kijijini kuna safari ndefu, na njiani mna maswali manne yasiyoweza kurukwa.

Swali la kwanza: je, kilichomo ndani ya sindano ni eksosomu kweli? Kifuko kimoja cha aina hii kina upana wa takriban nanomita 30 hadi 150, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa binadamu una upana wa nanomita 80,000 hivi. Mwanafunzi akipiga hesabu ataona kwamba vifuko 800 vyenye nanomita 100 kila kimoja vingeweza kupangwa sambamba kukatiza unywele mmoja. Kuvitenga vitu vidogo kiasi hicho si kazi ya mashine ndogo iliyowekwa juu ya meza ya kliniki. Njia iliyozoeleka katika maabara huhitaji mashine inayozungusha kwa nguvu ifikayo mara 100,000 ya mvutano wa dunia, kwa muda wa saa moja au zaidi. Hata hivyo, damu imejaa pia chembe za mafuta na protini ambazo baadhi yake zinakaribiana na eksosomu kwa ukubwa au uzito, na ambazo idadi yake huzizidi eksosomu kwa mbali. Kwa sababu hii chama cha kimataifa cha wataalamu wa taaluma hiyo kimetoa miongozo mwaka 2014, 2018 na 2023 kuhusu ushahidi unaopaswa kutolewa kabla ya mtu kudai kwamba amevitenga vifuko hivyo. Anayedungwa sindano bila kuonyeshwa ushahidi wa namna hiyo hajui alichodungwa. Yamkini ni majimaji ya damu yake tu, yaliyopewa jina jipya na bei mpya.

Swali la pili: ikiwa ni eksosomu kweli, zimebeba ujumbe gani? Hapa ndipo neno "chako" linapogeuka kuwa mtego. Seli mgonjwa nayo hutoa eksosomu, na maagizo yaliyomo ndani yake hutegemea hali ya seli iliyozitoa. Mfano mkali zaidi ni saratani. Uvimbe wa saratani umetokana na seli za mgonjwa mwenyewe, na eksosomu zake pia ni za mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2015 David Lyden wa New York na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba eksosomu za saratani hubeba protini zinazozielekeza kwenye viungo mahususi kama vile mapafu na ini, na kwamba huko huandaa mahali ambapo seli za saratani zitakuja kujikita. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Anayekusanya eksosomu kutoka damu ya mtu mwenye uvimbe ambao haujagunduliwa, kisha akamrudishia kwa wingi, hawezi kujitetea kwa kusema kwamba alimrudishia mali yake.

Swali la tatu ndilo lenye uzito zaidi: je, tiba hiyo humfaa mgonjwa kuliko sindano isiyo na dawa? Maumivu ya viungo yana tabia ya kupanda na kushuka, na matumaini pekee huweza kuyapunguza kwa muda. Mgonjwa anayetoka kliniki akisema amepata nafuu huenda asiwe mwongo hata kidogo, lakini nafuu yake haithibitishi kwamba dawa ndiyo iliyofanya kazi. Njia ya kujua ni kuwagawa wagonjwa katika makundi mawili kwa kura, kundi moja lipewe dawa na jingine lipewe maji ya chumvi, pasi na mgonjwa kujua alichopewa.

Tuna mfano mzuri wa uchunguzi wa aina hiyo. Mwaka 2021 watafiti wa Australia, wakiongozwa na Kim Bennell, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 288 waliokuwa na magoti yaliyolika. Nusu yao walidungwa sehemu ya damu yao wenyewe iliyozungushwa ili kukusanya chembe zinazogandisha damu, ambazo ni miongoni mwa chembe zinazotoa vifuko hivi kwa wingi. Wengine walidungwa maji ya chumvi. Baada ya miezi 12, katika kipimo cha maumivu cha alama 0 hadi 10, waliopewa damu yao walikuwa wamepata nafuu ya alama 2.1, na waliopewa maji ya chumvi walikuwa wamepata nafuu ya alama 1.8. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuwa ushahidi wa tiba. Aidha, gegedu halikukingwa na damu hiyo zaidi ya lilivyokingwa na maji. Wote walipata nafuu kidogo, lakini kundi moja tu ndilo ambalo kliniki ingelitoza pesa nyingi.

Je, eksosomu za mgonjwa mwenyewe zimewahi kujaribiwa kwa uaminifu? Naam. Mwaka 2005 matokeo ya kwanza yalichapishwa Ufaransa na Marekani, ambako wagonjwa wa saratani ya ngozi na ya mapafu walipewa eksosomu za seli zao za kinga ili kuamsha kinga ya mwili. Nia haikuwa kukuza tishu mpya bali kupambana na uvimbe, lakini hapa ndipo neno "chako" lilipowekwa kwenye mizani ya kweli. Jaribio la hatua ya pili lililofanyika Ufaransa lilitangaza matokeo yake mwaka 2016. Watafiti walikuwa wamejiwekea lengo kwamba angalau nusu ya wagonjwa wa saratani ya mapafu wakae miezi 4 bila ugonjwa kuendelea. Kati ya wagonjwa 22, ni 7 tu waliofika hapo. Lengo halikufikiwa, na watafiti wakasema hivyo waziwazi. Huo ndio uungwana wa sayansi: kutangaza kushindwa kwa sauti ile ile ambayo mtu angetangazia ushindi. Ni nadra sana kuiona sifa hii katika tangazo la biashara.

Swali la nne ni la usafi. Kitu kilicho salama ndani ya mshipa wako hakibaki salama baada ya kutolewa, kumiminwa, kuzungushwa na kuguswa na mikono ya watu. Mwaka 2024 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa ilitoa taarifa kuhusu duka la urembo lisilo na leseni katika jimbo la New Mexico, ambako wateja walidungwa usoni damu yao wenyewe iliyozungushwa. Wanawake watatu wasiokuwa na sababu nyingine iliyojulikana waligunduliwa kuwa na virusi vya Ukimwi, na uchunguzi ukaelekeza kidole kwenye huduma za duka hilo. Walilipia kurudishiwa damu yao, wakarudi nyumbani na ugonjwa wa mtu mwingine. Kabla ya hapo, mnamo Desemba 2019, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikuwa imewatahadharisha wananchi baada ya wagonjwa kadhaa katika jimbo la Nebraska kupata madhara makubwa kutokana na bidhaa zilizouzwa kwa jina la eksosomu. Mamlaka hiyo ilieleza wakati huo kwamba haikuwa imeidhinisha bidhaa hata moja ya eksosomu.

Atakayesema kwamba napinga tiba za kutumia seli za mgonjwa mwenyewe atakuwa hajanielewa. Zipo zinazofanya kazi, na ni fahari ya udaktari. Wagonjwa wa saratani za damu hurudishiwa uboho wao wenyewe, na waliounguzwa na moto hupandikizwa ngozi yao wenyewe. Hebu tulinganishe mambo mawili yanayohusu kiungo kimoja, yaani jicho. Nchini Italia, Graziella Pellegrini, Michele De Luca na wenzao walichukua seli kidogo kutoka kwenye ukingo wa jicho la mtu aliyeunguzwa na kemikali, wakazikuza katika maabara na kuzipandikiza. Mwaka 2010 walichapisha matokeo ya wagonjwa 112, na zaidi ya robo tatu ya macho waliyoyatibu yalipona kwa kudumu. Mnamo Februari 2015 Umoja wa Ulaya ukaiidhinisha tiba hiyo kwa masharti.

Katika mwaka huo huo wa 2015, wanawake watatu wenye umri kati ya miaka 72 na 88 walikwenda kwenye kliniki moja katika jimbo la Florida, Marekani. Walitolewa mafuta tumboni, mafuta hayo yakasindikwa ili kupata kilichoitwa seli shina, kisha wakadungwa katika macho yote mawili kwa siku moja. Kila mmoja alilipa dola 5,000. Waliingia wakiwa na uoni hafifu, lakini wakiona. Madaktari walioeleza kisa chao katika jarida la kitabibu mwaka 2017 walisema kwamba wote watatu walipata madhara makubwa na kupoteza uwezo wa kuona kabisa au karibu kabisa. Seli za Italia zilikuwa za wagonjwa wenyewe, na za Florida zilikuwa za wagonjwa wenyewe. Kilichotofautisha mwangaza na giza ni miaka ya uchunguzi, matokeo yaliyowekwa hadharani, na chombo cha umma chenye mamlaka ya kusema ndiyo au la.

Mahakama za Marekani nazo zimelazimika kulitolea uamuzi neno hili "chako". Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya Washington iliamua kwamba seli za mgonjwa zilizokuzwa katika maabara kabla ya kurudishwa mwilini ni dawa, na kwa hiyo ziko chini ya sheria ya dawa. Mwaka 2022 jaji mmoja wa California alizikubalia kliniki zilizodai kwamba seli za mafuta ya mgonjwa si dawa, bali ni sehemu ya upasuaji wa kawaida. Septemba 2024 mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi huo. Nionavyo mimi, msimamo huo wa rufaa ni wa haki. Mtu anayechukua damu yangu, akaibadilisha na kuipa kazi mpya, ametengeneza kitu kipya, na anapaswa kukithibitisha kama anavyothibitisha mtengenezaji wa kidonge.

Kuna hoja ya upinzani ambayo siwezi kuipuuza. Mgonjwa atauliza: miaka hiyo ya uchunguzi itakwisha lini, nami goti langu linaniuma leo? Mwili ni wangu, pesa ni zangu, kwa nini nizuiwe kujaribu? Swali hili lina uchungu wa kweli. Mfa maji haachi kutapatapa, na asiyewahi kukesha kwa maumivu hana ruhusa ya kumcheka anayetafuta nafuu. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kujaribu na kuuziwa. Anayejaribiwa dawa katika utafiti wa haki huelezwa kwamba matokeo hayajulikani, hulindwa na kamati ya maadili, wala hatozwi pesa kwa kujitolea mwili wake kwa ajili ya elimu. Anayeuziwa huahidiwa uponyaji, hulipa kabla, na akidhurika matokeo yake hayaandikwi popote. Wa kwanza huwaachia wagonjwa wa kesho elimu. Wa pili huiachia jamii yake deni, na pengine shamba lililouzwa.

Sisi Wakenya tuna sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili. Mwaka 1990 nchi yetu ilitangaziwa kwa shangwe dawa ya Kemron, iliyohusishwa na Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, kuwa tumaini jipya kwa waliokuwa na Ukimwi. Kemron ilikuwa interferoni ya alfa, iliyotolewa kinywani kwa vipimo vidogo, na interferoni ni kitu ambacho mwili wa binadamu hujitengenezea. Tangazo lilitangulia ushahidi. Uchunguzi uliofuata, ukiwamo ule wa Uganda uliolinganisha dawa hiyo na kidonge kisicho dawa, haukuona faida iliyodaiwa. Fahari ya taifa haikumponya mtu, na asili ya dawa katika mwili haikumponya mtu. Funzo hilo tulilipata kwa bei ghali, na si vyema tulilipie mara ya pili.

Nini kifanyike? Kwanza, Bodi ya Dawa na Sumu itamke bayana, kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mwananchi, kwamba bidhaa iliyotengenezwa kutokana na damu au mafuta ya mgonjwa na kubadilishwa ili itibu ni dawa, na haiwezi kuuzwa kabla ya kuchunguzwa. Pili, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno limtake kila daktari anayetangaza tiba ya namna hii aonyeshe ushahidi wake, na akikosa azuiwe. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike, na haki ya kulindwa afya yake. Mgonjwa anayelipia sindano ni mtumiaji wa huduma kama mnunuzi mwingine yeyote, seuze kwamba anachokiweka rehani ni mwili wake.

Tatu, na hapa nawageukia walimu, mtaala wetu wa umilisi unazungumza sana juu ya fikra tunduizi. Sijui njia iliyo bora ya kuzifundisha kuliko kulichukua tangazo moja la tiba, kulibandika ubaoni, na kuwaacha wanafunzi walihoji: Ni nini hasa kimo ndani ya sindano, na nani amekipima? Kinafanya nini mwilini, chema na kibaya? Kimelinganishwa na nini, kwa watu wangapi, kwa muda gani? Nani atawajibika mambo yakiharibika? Mwalimu wa biolojia atapata humo somo la seli, wa hisabati somo la takwimu, na wa Kiswahili somo la lugha ya ushawishi.

Wanafunzi hao ndio ambao kesho watasomewa tangazo kwenye simu na nyanya zao na kuulizwa, "Mjukuu wangu, hebu niambie, hii itanifaa?" Mwanafunzi aliyefundishwa kuuliza maswali hayo manne atakuwa na jibu la kumwokoa nyanya yake na pesa zake. Huenda pia miongoni mwao akatoka mtafiti atakayetuletea eksosomu zinazoponya kweli, zikiwa zimepimwa na kuthibitishwa. Siku hiyo nitakuwa wa kwanza kushangilia. Kwa sasa, atakayeniambia kwamba dawa yake ni salama na inafaa kwa kuwa imetoka kwangu, nitamwomba anionyeshe ushahidi.